Kiti cha Askofu Mwembamba

Jumatano

Na askofu wa awali nilimpima mwenyewe kwa uzi, mgongo na makalio, kama baba alivyonifundisha kule Bukavu: kiti cha askofu hufuata mwili wake. Ningejuaje kwamba kanisa litamhamisha yule mwembamba na kutuletea mnene?

Leo nimekifikisha kanisani Milimani. Askofu mpya akakaa, au tuseme alijaribu. Mikono ya kiti ikamkaba mapajani.

"Fundi, hiki ulichongea watoto wa Sande skul?" akauliza. Wazee wa kanisa wakacheka. Nami nikacheka nao, mjinga mimi.

Mama Akinyi, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. "Si upanue tu, Mzee."

Nikamweleza kwamba mimi situmii misumari. Kila ubao umeingia ndani ya mwenzake, na kukipanua ni kukivunja. Nilieleza kwa majivuno kidogo, nadhani hapo ndipo nilipoharibu.

"Basi tutachukua cha duka, kile cha sponji," akasema. "Na zile benchi za waumini tulizokuahidi, tutazitoa hukohuko. Pole, Mzee."

Nilikuwa nazitegemea benchi hizo. Karakana yangu hapa Kisian haina kazi nyingine, na Bukavu siwezi kurudi. Nyumba ya baba inakaliwa na watu nisiowajua.

Mke wangu ameniuliza benchi tunaanza lini. Nimemwambia mbao hazijakauka. Ni kweli, hazijakauka. Zikikauka sijui nitamwambia nini.