Betri ya mashine kongwe

Okech ndugu yangu, nimekwisha.

Ile mashine kongwe ya kompyuta inayochonga vyuma, waliyotuletea wakati wa ubinafsishaji wa kiwanda, leo imesahau kazi yote. Yote!

Nilimwambia injinia mpya, "Bosi, betri ya hii hubadilishwa mashine ikiwa inawaka, la sivyo kumbukumbu inafutika." Kanijibu mbele ya watu, "Mzee Ngosha, darasa la saba unanifundisha umeme? Zima!"

Nikazima. Kwa mkono wangu huu, nikazima, nikaitoa betri!

Sasa anasema kosa ni langu, kesho nifukuzwe.

Namba zote za kuipangia mashine kazi upya ninazo nyumbani Pasiansi, marehemu mke wangu alininakilia kwenye daftari. Nikizileta, atasifiwa yeye kwamba kaiponya. Nisipozileta, sina kazi.

Nimekwenda kulichukua, na sasa niko getini mwa kiwanda na daftari. Mlinzi ananiuliza, "Mzee, unaingia au unatoka?"