Jina la Mtunzi

Jumanne, 4 Juni 1996

Mazoezi ya kwaya tena. Besi hawaimbi, wanapiga kelele. Katikati ya wimbo kinanda kikazima. Na Jumapili tunazindua kaseti! Nimekifunga kwenye baiskeli kutoka Nyakato hadi Mirongo, kwa Mzee Harish, fundi redio.

Alhamisi, 6 Juni

Kinanda kimepona. Mzee alikijaribu mbele yangu. Akapiga nini? "Nivushe," wimbo wetu uliobeba kaseti nzima. Nami kwa kujidai nikamwambia, "Huo nimetunga mimi, mzee." Mdomo wangu huu! Akanisogezea kinanda. "Hongera, mwalimu."

Ukweli ni kwamba maneno ni yangu. Tuni niliitoa kwenye filamu ya Kihindi niliyoiona mara tano nikiwa kijana. Sinema ilishafungwa, watu wamehamia vibanda vya video. Nikajua hakuna atakayekumbuka.

Ijumaa, 7 Juni

Nilifuata waya wa kinanda niliousahau. Mzee hakuwepo. Nikaona picha ukutani: yeye kijana, wapiga fidla wamemzunguka. Shemeji yake, mama mwenye duka, akanieleza. Mzee alizaliwa hapa hapa Mwanza. Akaenda Bombay kutunga muziki wa filamu. Miaka kumi na moja alikuwa msaidizi wa bwana mmoja mkubwa, na kila tuni yake ilitoka kwa jina la bwana. Akachoka. Akarudi kutengeneza redio.

Mama akaniimbia kidogo ile iliyopendwa kuliko zote. Jamani. Ni "Nivushe".

Kwa hiyo nimemdanganya mwenye wimbo, usoni, naye akanipa hongera. Mwizi wa pili mimi. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 8 Juni

Makasha ya kaseti yamefika. "Mtunzi," halafu jina langu, herufi nene. Vero, mke wangu, akaweka moja juu ya kabati la vyombo ili wageni waone. Nikamwambia kila kitu. Hakugomba. Aliligeuza tu likaangalia ukuta. Afadhali angegomba.

Nikaenda Mirongo kuomba radhi. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Nikaishia kumkaribisha kanisani. Mwoga mkubwa. Najichukia.

Jumapili, 9 Juni

Mzee Harish alikuja kweli, shati jeupe limepigwa pasi. Akakaa benchi la mwisho kabisa.

Tuliimba. Mchungaji akasema mtunzi asimame. Makofi, vigelegele. Nikasimama. Nikasema tuni si yangu, niliiiba, na mwenyewe yumo humu ndani. Vigelegele vikakatika. Sikuweza kumtazama Vero.

Nikanyoosha mkono kule mwisho. Watu wote wakageuka.

Mzee naye akageuka, kuangalia anayeonyeshwa ni nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.