Gia za Kwenye Kinu

Jumamosi, 6 Juni 1998

Shule imefungwa jana, nami leo naapa: daftari hili litaambiwa kila kitu, hata mambo ya kuniaibisha. Hasa hayo. Sista Felisita, mwalimu wetu wa Kiingereza, anasema mtu anayejiandikia uongo amekosa kazi ya kufanya.

Haya. Bosi Maige, mnunuzi wa pamba, amenunua gari la michezo. Jekundu! Milango miwili! Limeletwa kutoka Dar juu ya lori, maana liko chini mno, mashimo ya mvua za El Niño yangelimeza. Bariadi nzima imekwenda kulitazama. Mimi niliaga nakwenda kununua chumvi. Nikarudi bila chumvi.

Bosi mwenyewe hajui kuendesha. Anatafuta dereva — na baba ameomba! Baba ameendesha lori la ushirika miaka kumi na tisa. Tangu wanunuzi binafsi waje, lori liko juu ya mawe na baba yuko juu ya kigoda. Bosi atamjaribu Jumamosi ijayo, kwenda kijiji cha Ipililo na kurudi. Akiweza, kazi ni yake.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya misa baba aliitwa akalione gari. Nikamfuata.

Ni otomatiki. Halina klachi ya kukanyaga. Mguu wa kushoto wa baba haukuamini. Gari limezimwa, limesimama, lakini mguu ulikuwa ukihangaika huko chini kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba akasema si neno, ataweka D, litajibadilishia gia lenyewe. Bosi akakataa kabisa. Kando ya D kuna njia nyingine, ina alama ya plasi na ya mainasi. Ukiusogeza mkono wa gia huko, gari linaacha kujichagulia, unachagua wewe. Aliyemuuzia alimwonyesha.

"Mzee Mayala, hicho kitu nimekilipia," alisema. "Ukiniendesha kwa D kama mgonjwa anapelekwa hospitali, utashuka."

Baba akajibu kwamba gari kama hilo aliwahi kuliendesha Mwanza. Nikatazama chini. Hajawahi.

Bosi akampa kurasa saba za fotokopi, Kiingereza kitupu. Njiani baba, asiyejua Kiingereza, akanipa mimi. Nilizibeba kama waziri anayekwenda bungeni.

Jumatatu, 8 Juni

Nimezisoma mara tatu, na kamusi pembeni. Plasi, gia inapanda. Mainasi, gia inashuka. Plasi ni kusukuma mbele, mainasi ni kuvuta nyuma. Gusa tu na kuachia. Rahisi!

Gari la kujifunzia hatuna. Nikabuni! Nilichukua kinu cha mama, nikasimamisha mchi ndani: mkono wa gia. Baba juu ya kigoda, kinu kushotoni kwake. Mimi nikakaa kumwelekea, karatasi mapajani, uso wa kiualimu. Nikachora alama kwa mkaa kwenye mdomo wa kinu. Mguu wa kushoto mama aliutia ndani ya gunia la pamba akaufunga kamba, usije ukakanyaga kitu.

"Plasi!" "Mainasi!" "Ng'ombe barabarani!"

Jirani yetu Mama Sayi alikuja kuomba kaa la moto. "Mwangaluka," akatuamkia Kisukuma, kisha akarudi hatua moja. Baba, mguu ndani ya gunia, anatikisa mchi. Mimi napiga kelele za Kizungu. Akamuuliza mama kwa sauti ya chini, dawa hiyo katoa mganga gani?

"Mganga si huyo hapo," mama akasema. "Yuko kidato cha tatu."

Jumatano, 10 Juni

Baba hatazami tena mkono. Kabla sijamaliza kusema plasi, mchi umeshafika. Nimejisifu kwa mama. Mama akasema vizuri, ila tangu Jumatatu hajatwanga kitu. Tunakula michembe ya viazi vikavu.

Jumamosi, 13 Juni

Mambo yameharibika.

Baba alirudi saa saba, kwa miguu, kofia mkononi. Ilibidi nimwulize mara tatu.

Walitoka vizuri. Mguu wa kushoto ulitulia. Mji ulipokwisha Bosi akasema, "Haya, plasi!" Macho ya baba yalikuwa kwenye mashimo, mkono ukafanya kazi yake. Gari likalia kama nguruwe! Likapungua mwendo ghafla, Bosi akagonga paji la uso mbele, mbuzi wakatawanyika. Baba akadhani hakugusa sawasawa. Akarudia. Likalia zaidi.

"Mzee, umelewa?"

Baba akarudisha kwenye D, akamfikisha Bosi nyumbani kwake, akakabidhi ufunguo. Gari ni zima. Paji la Bosi lina nundu.

Nikauliza, kwani kwenye gari hakuna alama? Zipo. Ila wiki hii mke wa Bosi amefunika kila mahali kwa vitambaa vya kufuma, hadi pale kwenye gia.

"Mkono umezeeka," baba akasema. Hakula.

Jumapili, 14 Juni

Sikuelewa hadi leo, nilipokwenda kukalia kigoda chake.

Plasi ya mkaa bado ipo. Iko upande wa kuvuta, kuelekea tumbo la aliyekaa kigodani. Kwa sababu mimi nilikaa kumwelekea, nikachora plasi mbele — mbele yangu! Mbele yangu ni nyuma yake. Wiki nzima nimemfundisha baba kuvuta anapotakiwa kusukuma. Alijifunza vizuri sana. Alijifunza ujinga wangu wote bila kuacha hata kidogo. Na ripoti yangu ina A ya Kiingereza.

Nilimwambia. Baba alikuja akakaa, akavuta mchi, akausukuma, akatazama huku na huku. Akacheka puani.

"Kwa hiyo si mkono."

"Si mkono, baba. Ni mimi."

"Basi inatosha. Usimwambie mtu. Maige nilimwambia nimeendesha Mwanza. Afadhali aniite mzee kuliko mwongo."

Jumatatu, 15 Juni, saa nne asubuhi

Nimemwambia mtu.

Alfajiri nilimkuta baba anachonga mpini wa jembe. Miaka kumi na tisa hajashika jembe! Nikatoka bila kuaga. Sasa niko barazani kwa Bosi Maige, daftari juu ya goti, mwandiko wangu Sista Felisita asingeukubali.

Nilipiga goti. "Shikamoo, bosi." Nikasema yote: kinu, gunia, mkaa, hata uongo wa Mwanza. Bosi alisikiliza, mkono juu ya nundu. Kisha akacheka hadi mke wake akatoka jikoni. Nikajua tumepona.

Hatujapona. Alinipeleka kwenye gari, akaketi kiti cha dereva, akashika usukani.

"Yaani mtu kafundishwa kwenye kinu, na binti wa shule, tena kinyume, na bado kanitoa hapa na kanirudisha?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi si kazi ngumu. Nifundishe mimi mwenyewe. Utarudi shule lini?"

Niliapa kuandika kila kitu, basi naandika: nilifurahi. Mwalimu wa Bosi Maige! Nilishajiona nimesimama pembeni ya gari na kijiti. Furaha hiyo ilidumu muda wa kufunga mlango wa gari. Akijua kuendesha, dereva wa nini?

Nikauliza, "Na baba?"

"Tutaona," akasema. Amekwenda kunywa chai. Akimaliza anataka jibu.

Mama Sayi amepita na ndoo yake, anaelekea nyumbani. Nimemsihi achukue karatasi niliyochana humu. Amesema atakimbia, na atarudi. Nilichoandika ni hiki:

Baba, nisamehe. Niko kwa Bosi Maige. Nimemweleza yote, hata Mwanza, hakukasirika. Sasa anataka nimfundishe yeye kuendesha. Nikikubali, huenda asihitaji tena dereva. Nikikataa, huenda asikuite kamwe. Mama Sayi anasubiri hapo mlangoni, mpe jibu arudi nalo sasa hivi: nimfundishe?