Sinia la Bosi

Shikamoo dada Yustina,

Sumbawanga baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Lakini watangazie hapo Kabwe: Adela wangu ni bosi kweli, ofisi yake ina mlango wake peke yake!

Jana niliwapelekea wafanyakazi wake ugali wa ulezi na wale migebuka uliotufungia, sinia zima, nikijua watakula wote. Si unajua shambani kwetu, aliyeita watu kulima ndiye anayewanawisha mikono. Nikawakuta wanacheka. Nilipomtaja Adela tu, kila mmoja akarudi mezani kwake. "Asante mama, tumeshiba," na macho yao yako kwenye samaki.

Nikaingia kwa Adela, nikamwambia, "Mwanangu, toka ukawanawishe."

"Mama, nikiwazoea watanipanda kichwani."

Akafunga mlango, tukala wawili. Hata samaki mmoja Adela hakummaliza.

Cheo anacho, dada, wa kula naye hana. Leo asubuhi kabeba beseni na sabuni mpya kwenda ofisini, nikajifanya sijaona. Jioni karudi navyo, sabuni bado imo kwenye karatasi yake.

Mwombee mwanetu. Na wewe funika kifua, upepo wa ziwa usikuchezee.

Mdogo wako, Mama Adela