Asali Ile Sitaichemsha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa pale dirishani, lenzi jichoni, ukimgombeza mtu aliyekuletea saa iliyoingia maji. Mgongo unaendeleaje? Mama ameniambia siku hizi unafunga kibanda mapema na hutaki kuulizwa sababu, basi mimi nami siulizi. Nawasalimu wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na mikono yangu inanata kuanzia asubuhi hadi jioni, jambo ambalo wewe usingelivumilia hata kidogo.

Ujumbe wako umenifikia. Shangazi alinipigia simu akautoa kama ulivyomtuma. Unamjua dada yako, akitumwa neno chungu halitii sukari. Alisema umesema nimekutia aibu. Kwamba nimemtoroka mume wangu usiku na kubeba asali yake. Kwamba asali yenyewe ni sukari tupu, ndiyo maana imeganda ndooni. Na kwamba nisikanyage nyumbani kwako mpaka nirudi kwake nikamwombe radhi. Alipomaliza akaniuliza amjibu nini kaka yake. Nikamwambia nitajibu mwenyewe, tena kwa maandishi, ili nisikatwe kauli. Nisamehe kwa hilo, lakini mimi na wewe tunajua kwamba kwa simu nisingevuka sentensi ya pili.

Basi nakujibu, Baba, kwa heshima zote, na jibu langu ni hapana. Sirudi. Sasa tulia nikueleze, maana ulichosikia kimepita midomo mingi kabla ya kukufikia.

Unalikumbuka lile duka letu jembamba, kati ya mshona viatu na yule wa kutoa nakala. Asali yote iliyouzwa pale ilitoka kwa mama mkwe, kwenye mizinga yake nje ya mji. Anarina mwenyewe, anachuja kwa kitambaa bila kutia moto, analeta ndoo zimefungwa kisawasawa. Ni yeye aliyenifundisha kuitunza. Alinionyesha kwamba asali huvuta maji hata yale ya hewani, kwa hiyo kifuniko kikazwe na kijiko chenye unyevu kisiguse kabisa. Chupa ziwe za kioo, zikauke hasa, zikae kabatini mbali na jiko na mbali na jua. Kwenye friji asiiweke mtu, kwani baridi huigandisha upesi. Na ikiganda, akasema, mtu asitie wasiwasi, haijaoza wala haijachezewa. Inataka maji ya uvuguvugu na mtu asiye na haraka, basi.

Mwaka huu baridi imekuwa kali, na chupa zote za dukani zikaganda, nyeupe kama samli. Wateja wakaanza kurudi. Mama mmoja aliitupa chupa yake juu ya kaunta akasema tumemlia pesa yake kwa sukari. Mume wangu akachanganyikiwa. Nilimwonyesha namna ya kuzilainisha kwenye beseni, naye akajaribu asubuhi moja, kisha akasema hiyo ni kazi ya watu wasio na shughuli. Akanunua jiko kubwa la gesi, akazimimina zote kwenye sufuria, akazichemsha mpaka zikatoa povu. Kweli haikuganda tena. Ilikuwa nyekundu kama chai ya jana na ilinuka kuungua, lakini ilimiminika, na wateja wakafurahi.

Baba, kama angeishia hapo huenda ningenung'unika tu. Lakini alipoona kwamba baada ya kuchemsha hakuna anayetambua ladha, akaanza kuongezea maji ya sukari. Niliikuta sufuria ya pili nyuma ya duka, sukari inatokota. Nikamuuliza ni nini hiki. Akasema kila mtu anafanya hivyo, nisijifanye mtakatifu. Siku iliyofuata akaniwekea mbele karatasi za kubandika kwenye chupa, akataka niandike "asali halisi" kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nikakataa. Duka lilikuwa limejaa watu. Akanyoosha kidole mlangoni akasema, "Hapa ni kwangu. Bandika au ondoka."

Nikaweka kalamu chini. Nikavua aproni, nikaitundika msumarini, nikatoka kwa mlango wa mbele, adhuhuri, watu wote wakiniona. Mshona viatu hata aliniaga. Kwa hiyo aliyekuambia nilitoroka usiku, muulize alikuwa wapi mchana.

Sasa nimepanga chumba nyuma ya karakana ya fundi cherehani. Dirisha lake linatazama ukuta, hakuna jua linaloingia, na wengine wangekiita chumba cha huzuni. Kwa asali hakuna kizuri zaidi. Nimegawa chumba kwa pazia, nyuma kitanda na ndoo, mbele rafu, meza na jiko dogo la kupikia chai. Nauza mlangoni. Wiki za kwanza walinunua majirani kwa kunionea huruma, baadaye wakanunua kwa sababu waliipenda. Mteja wangu mkubwa akawa mwokaji mikate wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Alichukua ndoo nzima.

Ndoo hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Asubuhi moja nilimsikia kabla sijamwona. Alikuja ameikumbatia kama mgonjwa, akaitua mlangoni kwangu, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Dada, umeniuzia sukari!" Cherehani zikanyamaza. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha madumu yao wakasogea. Akafunua kifuniko, kila mtu akaona: imeganda ikawa ngumu, kijiko kinasimama chenyewe.

Nikamwambia aketi. Akasema tanuri lake linamsubiri. Nikamwambia lisubiri, kwani ameniita mwizi mbele za watu na mbele ya watu hao hao nitajibu. Ndoo nzima ingetuchukua kutwa, kwa hiyo nilichota nikajaza chupa mbili za mdomo mpana. Nikatandika kitambaa chini ya beseni, nikazisimamisha chupa humo, nikatia maji yenye joto la kumwogeshea mtoto, yasifike shingoni mwa chupa. Mwokaji akachungulia, akaniuliza kwa nini nisiinjike tu jikoni yaishe. Nikamwambia moto mkali utaitoa harufu na kuibadilisha rangi, atapata kitu kitamu lakini si asali aliyonunua. Akaguna. Maji yakipoa nabadilisha, nakoroga taratibu kwa kijiko kikavu, nasubiri. Wale wanawake wakaanza kupeana umbea. Mmoja akasema hata wali ungekwisha kuiva.

Tukiwa katika hali hiyo, mume wangu akaingia pamoja na Baba Mdogo. Najua Baba Mdogo alikupa habari za siku hiyo. Nakuandikia sehemu aliyoiruka.

Mwanzoni mume wangu alisema kwa upole kwamba yaliyopita yamepita, nifunge mizigo. Nikamjibu kwamba nina mteja. Ndipo akaona beseni, akaona ndoo, akaona watu, na sauti ikabadilika. Akawageukia akawaambia wajionee wenyewe, imeganda, sukari tupu, tena ni mali yake niliyoiba stoo kwake. Baba Mdogo akanitaka niache ukaidi, nisiwaaibishe wazee wangu. Kabla sijamjibu, mume wangu alikwisha kunyakua chupa moja kutoka kwenye beseni, akafunua sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka, eti awaonyeshe watu kazi inavyofanywa.

Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika hivyo tangu anioe. Nikamwambia, "Asali hii sitaichemsha, na wewe hutaichemsha humu ndani. Irudishe ulikoitoa."

Akacheka. Akaniuliza nani amenipa asali hiyo hata niwe na kiburi nayo.

Hapo pazia likafunguka, Baba. Akatoka mama yake.

Ndiyo, mama mkwe. Alikuwa kule nyuma akichuja, na alikuwa amenyamaza makusudi, maana alitaka kusikia mwanawe atafika wapi. Alikuwa na kitambaa begani na asali mpaka kwenye viwiko. Akamtazama mwanawe, akamuuliza, "Mwizi wa asali yangu ni nani, mwanangu? Nionyeshe nimjue."

Mume wangu akasema, "Mama, uko huku?" Naye akajibu kwamba yuko huku tangu wiki ile niliyoondoka, na kama angekwenda kumjulia hali hata siku moja angeikuta nyumba yake imefungwa.

Hili ndilo nililokuficha, wewe na Mama, na leo nalisema wazi. Siku niliyoondoka sikuja moja kwa moja huku. Nilipita kwa mama mkwe kumuaga, kwani sikuwa na ugomvi naye. Nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu ile asali ya dukani sasa inanukaje. Nikamwambia inanuka kuungua. Kisha akaenda dukani mwenyewe na mkokoteni, akachukua ndoo zake zilizokuwa bado hazijaguswa, akamwambia mwanawe ana wanunuzi wengine. Ndoo zilinifikia jioni. Yeye akafuata keshoye na begi lake la nguo. Mimi niliwaza amekuja kunishawishi nirudi. Akaniuliza kitanda chake kitakaa upande gani.

Baba Mdogo hakukueleza hayo kwa sababu mume wangu alimwomba barabarani asimfedheheshe. Lakini usimlaumu sana. Alikaa, akanywa chai yake yote, na aliondoka na chupa.

Na ile asali? Ilikuwa imelainika, ila si yote. Juu ilikuwa angavu kama kioo, chini bado kuna chenga. Ningeweza kungoja zaidi, lakini niliona heri waione kama ilivyo. Nikamwambia mwokaji kwamba hii itaganda tena, baridi ikiendelea, na nikiilainisha mara nyingi nayo itachakaa, kwa hiyo achote ya kumtosha siku hiyo, iliyobaki aiache igande kwa amani. Anayetaka isiyoganda kamwe, duka la mume wangu liko wazi. Akaonja. Akaonja tena, akaniuliza mbona inanukia maua. Mama mkwe akamwambia alitaka inukie nini, mafuta ya taa? Watu wakacheka, na mwokaji akabeba ndoo yake. Siku hizi hata haniulizi kulainisha. Anasema ile iliyoganda inakaa vizuri juu ya mkate, haidondoki kwenye ndevu za wateja.

Basi unaweza kusema kwamba mume wangu akimwaga maji yake ya sukari na kuuza lile jiko la gesi, shauri limekwisha. Halijakwisha, na afadhali ulisikie kwangu. Sikuondoka kwa ajili ya asali peke yake. Aliposema "bandika au ondoka" nilimtazama usoni, nikaona hana hata chembe ya wasiwasi. Alikuwa na hakika nitabandika. Miaka yote ile tuliyokaa, huyo ndiye mke aliyedhani anaye. Mimi simjui mwanamke huyo, Baba, na sitaki kurudi nyumbani kwa mtu nikaishi kwa jina la mke huyo.

Kama hiyo ni aibu, nimeikubali. Ila usiseme nimeiba, na usiseme nauza sukari, kwani nitakujibu kila mara, hata ukinuna.

Mwisho wa mwezi nakuja kumwona Mama na kuutazama mgongo wako. Najua ulivyosema kuhusu kukanyaga. Nitakanyaga. Ukifunga mlango nitakaa kibarazani, na majirani wakiniuliza nitawaeleza kwa kirefu, unajua ninavyopenda kueleza. Mwambie Mama nitamletea chupa. Aiweke kabatini, asiiweke juu ya jiko.

Shangazi mpe salamu zangu, umwambie nimejibu. Wadogo zangu wabusu wote, hata yule aliyekua akawa hataki kubusiwa. Nakuombea afya na macho mazuri ya kuona vitu vidogo.

Ni mimi binti yako, muuza asali.

Mama mkwe amesoma barua hii begani kwangu tangu mwanzo, amenisahihisha mara mbili, na sasa anaitaka kalamu.

*Mzazi mwenzangu, salamu nyingi. Mwanao mkaidi, nami nashukuru kwa malezi hayo. Nasikia kuna mtu anatakiwa kwenda kuomba radhi. Mwanangu anajua ninapokaa.*