Nyota mia nne na kumi na mbili

Jumapili, asubuhi na mapema. Ukungu umelala juu ya majani ya karanga, baridi ya kiangazi inauma vidole. Nimekaa mlangoni mwa kibanda changu cha shambani, ng'ambo ya mto kutoka Kindu mjini, upande wa Alunguli, na simu yangu imebaki na chaji kidogo. Moyo umejaa. Sijui ni furaha au ni aibu. Nadhani ni vyote viwili, ila furaha njo, ndiyo yenyewe, imekalia kiti kikubwa.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua. Mimi ni Mama Riziki. Niliishia darasa la sita la msingi, lakini binti yangu ni profesa, yaani mwalimu, wa hesabu katika sekondari moja kule Kisangani, na ni yeye aliyenifungulia ukurasa huu ili nipunguze kumpigia simu. Sijapunguza.

Mnajua pia hadithi yangu ya nyota. Nimeisimulia hapa, nimeisimulia sokoni, nimeisimulia kwenye harusi za watu nisiowajua vizuri. Wakati wa vita tulijificha msituni, njia ya Pangi, mimi na Riziki, yeye akiwa na miaka sita. Baba yake alikuwa Kinshasa kikazi na njia zote zilikuwa zimekatika. Jua likizama, hakuna moto, hakuna taa, hakuna mtoto kulia. Tulipika mchana, usiku tukala baridi. Kulikuwa na mahali miti mikubwa ilianguka ikaacha uwazi, mbingu inaonekana. Pale nilimlaza kifuani, nikamnong'oneza ahesabu nyota ili anyamaze. Kila asubuhi alinipa namba. Usiku mmoja alifika mia nne na kumi na mbili.

Basi nikajisifu miaka yote hii: binti yangu alipita vita akihesabu nyota, hakujua woga hata siku moja, na hesabu zake zote zilianzia pale.

Leo lazima niirekebishe hadithi hiyo.

Riziki amekuja likizo na mtoto wake Neema, ambaye mwaka huu ametimiza miaka sita. Neema ananiita koko, yaani bibi, na mwaka mzima kwa simu nimekuwa nikimwahidi mbingu ya Maniema kama vile ni mimi niliyeitundika. Lakini Kindu mjini siku hizi mbingu imefifia. Taa za sola barabarani, jenereta za majirani, simu katika kila mkono. Alhamisi ikanyesha mvua isiyo ya msimu, ikaosha vumbi lote hewani. Nikasema hii njo bahati yetu. Jana tukavuka mto kuja kung'oa karanga za mwisho na kulala hapa siku mbili.

Riziki alibeba taa tatu. Toroshi mbili, na taa moja ya sola nyeupe kama ya chumba cha kuzalishia. Nilimcheka. Nilimwambia amekuwa mtu wa mjini, anaogopa vyura. Akazijaribu moja moja kama zinawaka. Hata nyumbani kwangu analala na taa ikiwaka, tangu msichana, na mimi nilikuwa nawaambia watu ni tabia ya wasomi, usingizi unamkuta bado anasoma.

Sikuwahi kumuuliza.

Giza lilipoingia, akawasha ile taa nyeupe, akaiweka katikati ya uwanja, akamwambia Neema aingie ndani alale. Neema akagoma. Alikuwa amekuja kuona nyota za koko, na nyota za koko ziko wapi? Kweli juu hapakuwa na kitu. Taa ilikuwa imezimeza zote, tuliona wadudu tu. Nikamwambia Riziki azime. Akasema kuna nyoka. Nikasema nyoka wa shamba hili wananiheshimu. Akasema hapana, mara ya pili, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake hata siku aliyofiwa na baba yake.

Na mimi nikafanya kile ninachokijua. Nikajisifu. Nikamwambia Neema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mama yake akiwa mdogo kama yeye alihesabu nyota mia nne na kumi na mbili katika giza kubwa kuliko hili, na hakuogopa.

Riziki akakaa kwenye mkeka. Akasema polepole, bila kuniangalia:

"Mama, sikuhesabu nyota. Nilikuwa nafunga macho. Nilikuwa nahesabu moyo yako, vile ilikuwa inapiga."

Sikuelewa. Akanieleza. Alikuwa amelaza sikio kifuani mwangu, na hakuthubutu kufungua macho, kwa sababu ya mahali pale peusi katikati ya nyota. Aliona kama kuna watu wamesimama mle. Kwa hiyo alihesabu moyo wangu mpaka usingizi umchukue, asubuhi akanipa namba. Ule usiku wa mia nne na kumi na mbili ni usiku watu wenye bunduki walipita karibu, tukasikia hata mmoja wao akikohoa. Moyo wangu ulikimbia, na yeye akahesabu mpaka ulipotulia.

"Njo vile nilijua unaogopa," akasema. "Na wewe ulikuwa unaniambia nyota ni nzuri."

Nikaweka mkono kifuani pangu, pale alipokuwa akilaza sikio.

Nilidhani nimemficha. Miaka yote nimejisifu kwamba mtoto wangu hakuiona vita, kumbe aliishika kwa sikio, pigo moja baada ya jingine.

Halafu, kwa sababu usiku wa kusema ulikuwa umefika, na mimi nikasema yangu. Sikuziangalia hizo nyota. Nilimwambia ni nzuri, lakini macho yangu yalikuwa kwenye njia, usiku kucha, kila usiku.

Riziki akanigeukia. Akaanza kucheka, kicheko kile cha kufuta machozi kwa kitenge.

"Sasa nani alikuwa anaziangalia?"

Neema, ambaye subira yake ameirithi kwangu, akauliza kama basi tunaweza kuzima.

Riziki aliizima mwenyewe. Mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya wangu, umelowa jasho katika baridi ile.

Mwanzoni, weusi tu. Nikahisi vidole vyake vinanibana. Kisha moja, kisha kumi, kisha sikujua tena niangalie wapi. Zilikuja mpaka pembeni, mpaka juu ya vichwa vya michikichi, nyingine zimesongamana hata huoni pa kuingiza sindano. Kulikuwa na kundi limepinda kama ndoana, na ndani yake moja nyekundu kama kaa la moto. Na katikati ya mbingu yote, kutoka upande mmoja wa msitu hadi mwingine, weupe ule, kama pale chini ninapochekecha unga wa muhogo nikiondoa chekeche. Neema akaonyesha weusi ulioupasua ule weupe, akauliza nani ameweka mkono kwenye unga.

Riziki akaangalia pale. Ni ule weusi wake. Akaangalia kwa muda mrefu sana, nikawa nasikia anavyopumua. Mwishoni akamwambia mtoto wake, kwa sauti ya profesa, kwamba mle hakuna mtu, ni vumbi tu, vumbi la mbali kabisa.

Vita ile ilikuwa na mbingu hii juu yake kila usiku. Nimejisifia kitu ambacho sikukiona, na kumbe ni kizuri kuliko nilivyosema. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilisema kidogo.

Ninyi niliowasimulia, namba haibadiliki. Ni mia nne na kumi na mbili. Lakini ni mapigo ya moyo wangu, na aliyeyahesabu alikuwa na miaka sita, anaogopa, na hakuruka hata moja. Nani mwingine Kindu nzima amezaa mtoto wa hivyo?

Bado wamelala, ndani giza. Taa nyeupe iko nje palepale alipoizimia, imelowa umande.

Jumanne wanarudi Kisangani. Leo usiku, wingu likituhurumia, tunaanza kuhesabu nyota, kutoka moja.