Ua la Kitambaa cha Mama

Bukoto, Jumapili

Mume wangu Odera,

Huku sote tu wazima, ila mvua haitupi nafasi. Leo nimepanga fonti zangu, hizi aina za herufi ninazoandikia albamu na kadi za wateja, kwenye kompyuta: za harusi, za watoto, za matanga. Lile ua la kupambia, nililolipiga picha kwenye kitambaa cha marehemu mama, nimeliweka peke yake. Nakala unayo wewe tu, kwenye flashi uliyokwenda nayo Kisumu.

Jana mteja kaniletea kadi ya kukaribisha mtoto mchanga, imetoka huko Kisumu, nimtengenezee kama hiyo. Ua langu lile lile liko pembeni mwa kadi. Mtoto anaitwa Akoth, jina la mama yako. Akina Akoth ni wengi, najua.

Mwambie tu mke mwenzangu wa huko: fonti aliyoichagua kwa kadi ya mtoto wenu ni ya matanga.

Mkeo wa Kampala,
Vera